Vali inayovuja na vali iliyobana: ipi inakupita sikioni?

Wenzangu mnaopima wagonjwa huku Lamu, hizi zote ni za vali ya mitrali, ule mlango wa moyo upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, na mara nyingi zimeachwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, lakini hazisikiki sawa hata kidogo. Inayovuja ni rahisi, weka upande mpana wa stethoskopu chini ya chuchu ya kushoto, utasikia shuuu mfululizo moyo unapobana na sauti inakimbilia kwapani.

Iliyobana ndo kazi, mvumo wake ni mzito wa chini sana, unakuja moyo ukiwa unajaza damu, mtu akiwa amekaa unaeza kuukosa kabisa. Mlaze ubavu wa kushoto, geuza upande wa kengele, ule mdogo wa stethoskopu, uguse tu bila kukandamiza, mwambie atoe pumzi aishikilie, zima feni, na punda akilia nje ngoja anyamaze. Pigo la kwanza la moyo likigonga kwa nguvu, shuku hapo hapo.

Hii ndo naiogopa zaidi, haswa kwa mjamzito anaehema akipanda ngazi za nyumbani, damu imeongezeka na njia imebana. Huyo usimpe dawa ya kikohozi tu jamani, aandikiwe eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, mapema, hata kama ni kuvuka boti mpaka Mokowe kule bara apande basi.