Mche Gani wa Hopi Ununue? Mwongozo kwa Wapikaji wa Bia Nyumbani

Mpikaji wa bia nyumbani anaweza kubadilisha kimea na hamira kila anapopika, lakini mche wa hopi, mmea unaoipa bia uchungu na harufu, akishauotesha huenda akaishi nao kwa miaka 10 au zaidi, maana mmea huu hukauka juu kila majira ya baridi na kuchipua upya kutoka mizizi ileile. Kwa sababu hiyo nafuu ya dola chache siku ya kununua si hoja nzito, ilhali mche mgonjwa au wa aina isiyofaa ni hasara ya miaka. Mwongozo huu unawahusu wasomaji wanaoishi kati ya latitudo 35 na 55, kama vile Oregon, Michigan, kusini mwa Uingereza au Ujerumani, ambako hopi hustawi kwa hakika.

Nafasi ya kwanza naipa miche iliyokwisha kuota kwenye chungu, iliyozalishwa kutokana na mimea mama iliyopimwa virusi. Mche wa namna hii huuzwa ghali kuliko kipande cha mzizi, mara nyingi maradufu au zaidi, lakini mnunuzi hupata mizizi hai anayoweza kuiona, na katika mwaka wa kwanza mmea hutangulia ule ulioanzia kwenye kipande kitupu. Jambo la kuuliza kwa muuzaji si ukubwa wa majani bali asili ya mche. Huko Marekani kuna kituo cha mimea safi kilichoko Prosser, katika jimbo la Washington, ambacho hutunza hopi zisizo na virusi wala viroidi (vimelea vidogo kuliko virusi), na vitalu vizuri huweza kueleza kama miche yao ina nasaba na mimea ya aina hiyo. Muuzaji akijibu kwamba miche yake “haijawahi kuugua”, hajajibu swali, kwa kuwa mmea wenye virusi unaweza kuonekana wa kijani kibichi na bado ukazaa kidogo kila mwaka.

Nafasi ya pili ni rizomu, yaani kipande cha shina linalotambaa chini ya ardhi, ambacho ukikishika mkononi hakina tofauti kubwa na tangawizi nyembamba. Rizomu huuzwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, hasa Machi na Aprili, na ndiyo njia ya bei nafuu ya kupata aina kadhaa kwa pamoja. Kipande kizuri ni kigumu, kina unene wa kidole au penseli, na kina macho meupe (machipukizi) mawili au zaidi. Kilicho laini au chenye harufu ya kuoza kirudishwe. Ikiwa udongo bado umeganda, kifungwe katika mfuko wenye unyevu kidogo na kuhifadhiwa kwenye friji. Kabla ya kuagiza kutoka mbali, soma masharti ya jimbo lako, kwa kuwa majimbo yenye mashamba makubwa ya hopi, Washington likiwamo, yana karantini inayozuia kuingiza mimea hii kiholela.

Kipande cha bure kutoka bustani ya jirani nakiweka nafasi ya tatu, na hata hivyo kwa sharti kwamba umeuona mmea wenyewe ukiwa na koni, yaani maua yake ya kike. Mbegu ziko mwisho kabisa. Hopi ina mimea ya kiume na ya kike iliyo tofauti, na ni ya kike peke yake inayotoa koni zenye unga wa manjano unaoipa bia uchungu na harufu. Mbegu hukupa takriban nusu ya kila jinsia, na hata mmea wa kike utakaopatikana hautafanana na mama yake. Pakiti ya mbegu yenye jina la aina maarufu inastahili kukwepwa.

Kuhusu aina, anayeanza akiwa Amerika ya Kaskazini anunue Cascade. Ilitolewa mwaka 1972 kutokana na utafiti uliofanyika Oregon, harufu yake ni ya balungi na maua, huzaa kwa wingi na huvumilia ubwiri vinyoya (ugonjwa unaofanana na ukungu kwenye majani) kuliko wengi wa wenzake. Baada yake naweka Chinook, yenye asidi za alfa (zinazoleta uchungu) za asilimia 12 hivi na zaidi na harufu ya msonobari, kisha Willamette kwa wanaopenda bia tulivu za Kiingereza. Centennial ni tamu katika bia lakini bustanini haizai kwa uhakika kama Cascade. Mwenye uwanja mdogo nchini Uingereza atafute First Gold, aina fupi ya mita 2.5 hivi, inayofaa kupandishwa kwenye uzio. Fuggle ina heshima yake ya kihistoria, ila hushambuliwa sana na mnyauko. Saaz na Hallertau zinataka hali ya hewa ya kwao Ulaya ya Kati, na katika joto kali huzaa kidogo. Citra na Mosaic ni mali ya kampuni, hivyo anayekuuzia mche wake anakuuzia kitu asichoruhusiwa kukiuza, au si Citra hata kidogo.

Fedha utakayoibakiza itumie kwa nguzo na kamba, kwa kuwa aina za kawaida hupanda mita 5 au 6, zikijizungusha kwa kufuata mwendo wa saa. Nunua kamba ya usumba badala ya nailoni, kwa sababu vinyweleo vya shina hushika vizuri kwenye nyuzi zake za kukwaruza, na mwisho wa msimu huikata pamoja na shina na kuitupa yote kwenye mboji. Mashamba makubwa ya hopi ya Yakima, katika jimbo la Washington, yenyewe hutumia kamba hizi zinazotoka Asia ya Kusini, na msomaji aliyekulia pwani atazijua mara tu atakapozigusa. Mwenye mbwa aweke uzio, kwani hopi zaweza kumuua mbwa.

Usitegemee mavuno ya maana kabla ya mwaka wa pili au wa tatu. Koni mbichi ni maji kwa takriban asilimia 80, kwa hiyo kilo 5 hukauka zikawa kilo 1 tu. Zaidi ya hayo, bila maabara huwezi kujua kiwango cha asidi za alfa, hivyo endelea kununua hopi za dukani kwa ajili ya uchungu, na zako uzitie mwishoni mwa kuchemsha kwa ajili ya harufu.

Kuna wanaofikiria kupeleka rizomu Arusha au Limuru kwa kuwa kuna ubaridi. Tatizo ni urefu wa mchana: karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, na hopi huchanua mapema ikiwa bado fupi, ikatoa koni chache. Tena kuingiza mche Kenya kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea, kabla haujasafirishwa. Mpikaji aliye huko anunue hopi zilizokaushwa na kukandamizwa, zenye mwaka wa mavuno ulioandikwa kwenye pakiti isiyopitisha hewa, na azihifadhi kwenye friza.