Okidi Isiyo na Mizizi: Mfuko wa Sfagnamu au Glasi ya Maji?

Majani ya okidi yamelegea na kukunjamana, na ukibonyeza mizizi inabaki ganda tupu kidoleni. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliosafishwa kwa spiriti, kisha uchague njia ya kuotesha mizizi mipya.

Sfagnamu ni mmea laini unaofyonza maji kama sifongo. Uloweke, uukamue mpaka usidondoshe tone, uuweke ndani ya mfuko angavu pamoja na okidi, ufunge, uweke penye mwanga usio wa jua kali. Hewa ya unyevu hupunguza maji yanayopotea majanini, na hapo ndipo njia hii inaposhinda: okidi iliyokauka sana hupata nafuu hata kabla ya kutoa mzizi. Hatari yake ni ukungu. Fungua mfuko kila baada ya siku chache upitishe hewa. Shina likianza kuwa jeusi na kulainika, uozo umeshaingia.

Glasi ni rahisi zaidi, na mzizi mpya unauona ukichomoza, ncha yake kijani kibichi. Shina likae juu kidogo ya maji, lisiguse kabisa. Badilisha maji kila wiki. Ila chumba kikiwa kikavu, majani yataendelea kunywea.

Muda haupishani sana, wiki kadhaa hadi miezi, na mbolea isubiri mizizi. Mimi, okidi yenye majani mawili yaliyolegea huitia mfukoni. Iliyobakiza kisiki cha mzizi hai, kwa mtu anayeichungulia kila asubuhi, glasi inatosha.