The Lord of the Rings: The Card Game, toleo la 2022: karata zinazofaa mji wenye wachezaji wachache

Karata nyingi za mbinu hudai wapinzani, na Mbeya au Iringa kuwapata ni kazi. Mchezo huu wa kampuni ya Fantasy Flight Games, uliotokana na riwaya za Tolkien, ni wa kushirikiana: mtu mmoja hadi wanne wanapambana na bunda la maadui linalojiendesha kwa kanuni zake. Chukua toleo la 2022. Sanduku la 2011 liliwatosha wawili tu, na kadi nyingi hazikutimia nakala tatu.

Unachagua mashujaa hadi watatu. Kila mmoja ana namba ya tishio, na jumla yake ndiyo unayoanzia. Ikifika 50 umetoka. Kila raundi shujaa anakupa rasilimali moja, unavuta kadi moja, na tishio linapanda kwa moja hata ukicheza vizuri.

Mgeni huharibikiwa kwenye safari, yaani hatua ya kusogeza kisa mbele. Anatuma watu wote ili ari yao (namba iliyo kwenye kadi) ishinde tishio la kadi za bunda la maadui zilizo mezani, anasahau kwamba aliyetumwa kadi yake inalazwa na hawezi kuzuia tena. Shambulio lisilozuiwa humpiga shujaa moja kwa moja, ulinzi wake hauhesabiwi. Bakiza mzuiaji.

Kosa la pili ni kuchagua kwa majina makubwa. Aragorn 12, Gimli 11, Legolas 9: jumla 32. Kwenye kisa cha pili, cha mto Anduin, adui aitwaye Hill Troll huwa mezani tangu mwanzo na humvamia mwenye tishio la 30 au zaidi, kwa hiyo atakuwa juu yako raundi ya kwanza. Ana shambulio 6, ulinzi 3, uhai 9. Ukimtolea msaidizi dhaifu kafara, madhara yanayozidi uhai wa msaidizi yanaongezwa kwenye tishio lako. Anza chini ya 30, ujijenge kwanza. Éowyn, mwenye ari 4 kwa tishio 9 tu, ndiye shujaa wa faida kubwa kuliko wote sandukuni. Bila yeye, bunda la Tactics, kundi la kadi za mapigano, linapigana vizuri lakini safari haisogei.

Maandishi yote ni ya Kiingereza, na neno moja hubadilisha kanuni, hivyo soma kadi nzima. Zivalishe mifuko ya plastiki ya milimita 63.5 kwa 88, maana unyevu wa masika ya Mbeya hupinda karatasi. Iringa msicheze barazani: upepo ukifunua kadi za kivuli, zile za siri anazopewa adui anaposhambulia, zilizolazwa kifudifudi, pambano limevurugika.

Kisa cha tatu, Dol Guldur, humteka shujaa mmoja mwanzoni kabisa. Kwa mchezaji wa peke yake ni kigumu kupita kiasi. Kiache mpaka mwe wawili.