Dada wa samaki kwa oda hapa Tanga mjini, maoni yangu baada ya kumtumia

Kwa wasiomjua, kuna dada mmoja anauza samaki wabichi kwa oda hapa mjini. Hana duka, hana friza, hana hata meza pale sokoni, ana simu na ndoo za mifuniko na kijana wa baiskeli basi. Jioni anaweka bei kwenye status yake ya WhatsApp, unamwandikia unataka changu kilo ngapi au kibua fungu ngapi, unalipa kwa simu kabla ya saa tatu usiku, asubuhi anashuka Deep Sea, kule mnada wa samaki, ananunua kile tu kilicholipiwa, wanaparuliwa na kutumbuliwa hukohuko, na saa nne haijafika samaki wako mlangoni. Anafika Chumbageni, Ngamiani yote, Makorora mpaka Raskazone. Mlioko Kange na Pongwe bado hajafika, msimsumbue.

Samaki wenyewe sina neno. Macho maangavu, ukifunua mashavu ndani mekundu, ukiibonyeza nyama inarudi. Kuparua ndo kuna shida kidogo, anafanya kwa haraka magamba yanabaki kule karibu na mapezi na tumboni, nyumbani kwangu ndo wanalalamika hapo, nshamwambia akasema sawa kaka na kweli pakawa na unafuu ila bado.

Kilichonifanya niandike ni asubuhi moja upepo ulikua mkali, nikaona meseji "kaka leo changu hamna wa maana, kuna tasi wazuri, nikuletee au nikurudishie hela yako?" Nikasema rudisha, nikajua hapo ndo imetoka hiyo, maana wafanyabiashara wetu hela ikishaingia kutoka ni kesi. Hee, sijamaliza chai hela imerudi na ya kutolea kaweka! Hapo mimi akaniweza.

Sasa watu wanamcheka eti biashara gani haina hata kibanda, na wengine wanamshauri akope anunue friza. Mi naona huyu dada ana akili kuliko wanaomshauri. Huu mtindo wa kuanza na kitu kidogo kabisa ili ujue kwanza kama watu watatoa hela wenye stataapu, yaani biashara changa, wanauita MVP (minimum viable product), na wapo waliotoka nao mbali. Mwaka 1999 kule Marekani Nick Swinmurn alitaka kuuza viatu kwa intaneti, hakununua stoo ya viatu, alienda kwenye maduka ya watu akapiga picha viatu vyao akaviweka mtandaoni, mtu akiagiza anarudi dukani ananunua kwa bei ileile ya kila mtu anamtumia mteja. Faida hamna, lakini alijua watu wanakubali kununua kiatu bila kukijaribu mguuni. Ndo ikaja kuwa Zappos, na 2009 Amazon wakainunua. Wakati huohuo Webvan wao walikua wanapeleka vyakula majumbani, wakaanza na maghala makubwa ya mamilioni ya dola kabla hawajajua wateja wanatosha, 2001 wakafilisika. Friza ya mkopo ndo ghala lenyewe hilo jamani, tena na umeme wa kununua.

Na kingine cha maana, anachukua hela kwanza. Ukiuliza watu hapa mtaani "nikikuletea samaki mlangoni utanunua?" wote watakwambia tena naona unachelewa, sisi watu wa pwani hatumkatishi mtu tamaa usoni. Aliyelipa saa tatu usiku kwa samaki ambaye bado yuko baharini, huyo ndo mteja.

Ila hapa na mimi nina ugomvi nae. Delivari anapeleka bure. Changu anaongeza kidogo tu juu ya bei ya mnadani, kijana wa baiskeli anamlipa yeye, ndoo yeye, barafu yeye. Hivo anachopima saivi ni kama watu wanapenda kuletewa samaki bure, na hilo jibu lake hata mtoto analo. Aweke buku ya kupeleka aone nani anabaki, wakibaki nusu bora, ndo wateja wenyewe hao. Mi nitalipa, na mama zetu wa Raskazone ambao hawataki kabisa kukanyaga lile tope la mnadani asubuhi watalipa pia, naamini.

Halafu kaanza wakati wa kaskazi, bahari imetulia, samaki wapo na bei iko chini. Asubiri kusi ishike, mwezi wa sita wa saba, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki wachache mnadani na madalali wanagombania, ile bei aliyoiweka jioni asubuhi haipo. Hapo ama ale hasara ama apige simu kwa kila mtu kuomba nyongeza, na akisharudisha hela mara tatu mfululizo watu wanahama. Mimi ningekua yeye nisingeongeza mtaa wala kitu chochote mpaka kusi ipite.

Kwa anayetaka kuagiza, changu na tasi chukua bila wasiwasi, kibua ni wa kawaida tu hata sokoni unampata. Pweza agiza siku za bamvu maji yakikupwa sana, siku za maji mafu, yale yasiyokupwa sana, atakwambia hamna na ni kweli hamna. Na mwambie mapema akate vipande au aache mzima, usipomwambia analeta mzima.