Kabati la mninga kutoka Keko: nimeridhika

Kama chumba chako kina joto na unyevu kama changu hapa Sinza, usinunue kabati la nguo kwa kutazama kioo cha mlangoni. Yale ya mbao za unga, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, yanapendeza dukani, lakini yakinywa maji sakafuni huvimba miguu, na skrubu za bawaba hulegea. Ndiyo maana nilikwenda Keko, hapa hapa Dar, kwa mafundi seremala.

Fundi niliyempata alinipa mninga. Nilimwomba nione mbao kabla hajazipiga randa, maana mbao mbichi hupinda na milango haifungi tena. Alinionyesha bila kinyongo, na hilo pekee lilinifanya nimwamini.

Kina cha ndani ni sentimita 60. Msikubali pungufu: henga ya mtu mzima ina karibu sentimita 45, na koti likining'inia linahitaji nafasi ya mabega. Upande wa pili nilitaka rafu nyingi, kwa sababu kanga na vitenge hukunjwa, havitundikwi. Makabati mengi ya dukani husahau kabisa kwamba mwanamke wa Dar ana doti za kanga!

Droo zinateleza vizuri, vanishi imetulia. Alichelewa kidogo, na nauli ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, ilikuwa juu yangu. Miguu ameinua vya kutosha fagio kupita, na mgongoni ametoboa matundu ya hewa. Masika yote nguo hazijanuka ukungu. Nitamrudia kwa kabati la watoto.