Kompresa ya lita 50: nguvu farasi za stika na nguvu farasi za mota

Kompresa hii ya hewa yenye tangi la lita 50 nimeitumia kwa miezi kadhaa sasa, na ninaloweza kusema ni kwamba mashine yenyewe ni nzuri, ila stika iliyobandikwa ubavuni mwa tangi haisemi kweli. Stika hiyo inatangaza nguvu farasi 3.5 kwa tarakimu kubwa nyekundu. Kwenye mota, upande wa feni, kuna kibati kidogo ambacho wanunuzi wengi hawainami kukisoma, nacho kimeandikwa volti 230, ampea 9.5.

Nguvu farasi moja ni wati 746. Jina la wati linatokana na James Watt, ambaye ndiye aliyekipa kipimo cha farasi thamani yake katika karne ya 18, ili wateja wake waelewe injini ya mvuke ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Tukizidisha volti 230 kwa ampea 9.5 tunapata wati 2,185, na tukigawanya kwa 746 tunapata nguvu farasi 2.93. Hiyo ni hesabu ya mota isiyopoteza chochote, na mota ya namna hiyo haipo. Tukichukua kipengele cha nguvu (sehemu ya zao la volti na ampea ambayo kweli hufanya kazi) cha 0.9 na ufanisi wa asilimia 75, ambavyo ni makadirio ya haki kwa mota ndogo ya fezi moja, kinachofika kwenye shafti ni wati 1,475 hivi, yaani takriban nguvu farasi 2. Zile 3.5 kwa kawaida hupatikana kwa kuhesabu kilele ambacho mota hukigusa kwa kitambo kidogo tu, inapowashwa au inapokaribia kukwama, na hakuna fundi anayefanya kazi yake kwenye kilele hicho.

Hata hivyo, fundi hatumii farasi bali hewa. Stika inataja lita 250 kwa dakika, lakini hicho ni kiasi ambacho pistoni inakifagia ndani ya silinda, si hewa inayotoka kwenye mpira. Niliamua kupima mwenyewe: nilifunga njia ya kutolea hewa, nikasubiri mshale wa geji ufike bar 6 (bar ni kipimo cha shinikizo, na bar 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka), kisha nikaanza kuhesabu muda, nao ukafika bar 8 baada ya sekunde 40. Tangi la lita 50 lililoongezewa bar 2 limepokea karibu lita 100 za hewa ya kawaida, kwa hiyo kwa dakika moja ni lita 150. Kompresa ndogo za pistoni kwa kawaida hutoa lita 75 hadi 110 kwa dakika kwa kila nguvu farasi ya kweli, hivyo mashine ya nguvu farasi 3.5 ingepaswa kutoa lita zisizopungua 260. Kipimo cha tangi kimekubaliana na kibati cha mota, na stika imebaki peke yake.

Kwa kujaza matairi, kupuliza vumbi na kupigilia misumari kwa bunduki ya hewa, sina lalamiko lolote. Inajaza tangi upesi, na valvu yake ya kuzuia hewa isirudi haivuji. Mashine ya msasa ndiyo iliyoishinda. Baada ya muda mfupi mkono unahisi sahani ikipungua mwendo, geji inashuka hadi bar 4, na inabidi kusimama kusubiri tangi lijae huku mota ikizidi kupata moto. Mwenye kazi ya msasa au ya kupuliza rangi kwa saa nyingi atafute mashine kubwa zaidi, na kabla ya kulipa aombe kuonyeshwa kibati cha mota pamoja na kiasi cha hewa inayotoka kwenye shinikizo analolihitaji.

Waya wa kuongezea umeme uwe mnene na mfupi. Wangu wa kwanza ulikuwa mwembamba, mota ikawa inaunguruma bila kuzunguka kila tangi lilipokuwa na hewa; nilipoubadilisha, tatizo hilo halikurudi.