Treni ya Paris–London: fungua viza yako kabla hujalipa

Hasira yangu si ya treni. Ni ya wakala mmoja wa tiketi katikati ya jiji hapa Nairobi, aliyenipangia ndege hadi Paris, treni hadi London, treni kurudi Paris, kisha ndege nyumbani. Nilipomwuliza habari ya viza alijibu bila kuinua macho: "Dada, treni ni kama basi tu." Pasipoti yangu ilikuwa mezani kwake. Hakuifungua!

Angeifungua angeona. Stika ya viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya; Ufaransa imo, Uingereza haimo) ina sehemu ya idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi. Yangu ni 01, na hiyo moja iliisha nilipoingia uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris. Ukipanda treni kwenda London umetoka Schengen. Kurudi Paris ni kuingia mara ya pili. Viza ya matembezi ya Uingereza ya miezi 6 kwa kawaida hukuruhusu kutoka na kurudi, ndiyo maana watu hudhani na ya Schengen iko hivyo.

Usitegemee kujieleza ukifika Paris. Polisi wa mpaka wa Ufaransa wamo ndani ya stesheni ya St Pancras, London, na unapita kwao kabla ya kupanda. Walinirudisha hapo hapo. Ndege ya kutoka Paris nayo ikanipita, kwa kuwa tiketi ziliuzwa kila moja peke yake na shirika la ndege halihusiki na treni uliyoikosa.

Kwa ndege pekee, London–Paris–Nairobi kwa tiketi moja, mzigo ukiwa umeandikwa NBO (alama ya uwanja wa Nairobi), mwenye pasipoti ya Kenya hubaki eneo la kuunganisha ndege wala haingii Ufaransa. Ile 01 haiulizwi. Kwa njia hii ndege inaishinda treni kabisa, na wakala anayeuza zote mbili anapaswa kulijua.

Nilitaka kuipa treni nyota 1. Lakini safari ya kwenda, jamani! Mwendo wa saa 2 na robo hivi, kilomita 300 kwa saa, ikipunguza hadi 160 ndani ya handaki la kilomita 50 linalopita chini ya bahari. Mabegi mawili ya hadi sentimita 85 kila mtu, wala hakuna wa kukupimia kilo. Kwenye stesheni ya Gare du Nord, Paris, unakaguliwa na Wafaransa, kisha Waingereza, kwa hiyo London unashuka na kutoka moja kwa moja. Ila lango hufungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka, na kutoka uwanja wa ndege kuna RER B kwanza, treni ya kwenda mjini. Mimi ningeacha muda wa saa 4 baada ya ndege kutua.

Basi, kwa mwenye MULT, au anayerudi Nairobi akitokea London, ni nyota 5. Kwa mwenye 01 anayerudi kupitia Paris, hata hiyo 1 siitoi. Na wakala yule bado hajapokea simu yangu.